Ugonjwa Ambao Vitabu Vilisema Hatuna

Nimestaafu mwezi uliopita. Vijana niliowaacha maabara wameniletea daftari jipya, wakasema, "Mama Yudita, andika, maana ukitusimulia tunacheka halafu tunasahau." Basi naandika. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa vilikuja vyenyewe kama mvi. Nitaandika juu ya miaka yangu ya kwanza, wakati wa Mwingereza, katika hospitali ya misheni kilimani nje ya Njombe, na juu ya ugonjwa mmoja ambao bado mnaletewa kila wiki.

Miaka ile naiona kama bonde la Njombe linavyoonekana asubuhi ya Juni. Ukungu umejaa hadi ukingoni. Kisha kilele kimoja kinatokeza, kisha paa la nyumba, kisha mtu mwenye jembe. Mengine hubaki humo humo ndani ya weupe. Nitaandika yale yaliyotokeza.

Nilikulia kijiji cha Yakobi, binti wa wakulima Walutheri. Nilipomaliza shule ya misheni nilipelekwa hospitali nijifunze uuguzi. Siku ya kwanza nilipewa beseni nilishike katika chumba cha kuzalishia. Nikaangalia ndani ya beseni, na kitu kilichofuata nilichokiona ni dari. Siku ya pili ikawa vile vile. Siku ya tatu muuguzi mkuu alinishika mkono, akanivusha ua, akanisukuma katika chumba kidogo chenye dirisha moja kubwa. "Festo," alisema, "huyu hawezi damu. Mpe kazi." Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kuangalia damu, nikaifanya hadi uzee. Kumbe shida yangu ilikuwa beseni tu. Tone moja moja halikunisumbua.

Mzee Festo alikuwa na miaka arobaini hivi, lakini vita vilimzeesha mapema. Alikuwa Bama, yaani Burma, na jeshi la Mwingereza, akafundishwa huko kazi ya hadubini, ambayo sisi tuliiita darubini. Mwezi wa kwanza hakuniruhusu kuigusa. Niliosha vioo. Niliviosha kwa sabuni, kwa maji ya moto, kwa spiriti, nikavikausha kwa kitambaa cha zamani, maana kipya huacha nyuzi. Akiviinua dirishani na kuona alama ya kidole, alinirudishia vyote, hata vilivyo safi.

"Kioo kichafu kinasema uongo," aliniambia, "na mgonjwa hawezi kukibishia."

Umeme haukuwepo. Darubini ile ilikuwa na kioo cha kukusanya mwanga wa jua, na jua la Njombe mnalijua. Kuna asubuhi tulikaa tu, mimi na Mzee Festo, tumeweka damu ya mtu tayari, tunasubiri ukungu uinuke. Tulisikia kengele za ng'ombe, lakini ng'ombe wenyewe hatukuwaona. Halafu weupe ulipasuka mahali fulani, mwanga ukateremka hadi mezani, na Mzee Festo akainama juu ya darubini. Nilipata kufikiri kwamba kazi yetu ni kusubiri, na kwamba kuangalia ni malipo yake.

Dokta wetu alikuwa mwanamke kutoka Ulaya ya Kaskazini, mrefu, wa miaka hamsini na zaidi. Watu walimwita Dokta Greta. Kiswahili chake kilikuwa cha Biblia, hivyo aliwaambia wagonjwa, "Inuka, jitwike godoro lako," nao waliinuka. Kabla ya kuja Tanganyika alikuwa amefanya utafiti wa dawa katika chuo kikuu kwao, na vyombo vyake vya utafiti alikuja navyo. Vilikaa miaka mingi ndani ya sanduku, chini ya kitanda chake.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini alipoletwa Rosina.

Alitoka Mawengi, upande wa Ludewa, Mkatoliki, mke wa Mwalimu Kosmas wa shule ya kijijini. Alikuwa na miaka kama ishirini na minne, sita ya ndoa, bila mtoto. Kila mwezi siku zake zilipofika, alilala sakafuni amejikunja, akiuma nguo asisikike. Kwao waliambizana kuwa ni deko. Baadaye wakasema ni uchawi. Mwishoni mama mkwe wake alisema ni kosa lake mwenyewe. Dokta alimpima, akagusa uvimbe upande wa kushoto, akaamua kupasua.

Siku ya upasuaji nililetewa chupa. Ndani ya maji ya dawa palikuwa na kipande cha mfuko wa mayai, na pembeni yake uvimbe uliopasuliwa, umejaa kitu cheusi, kizito, kama uji wa ulezi uliolala siku tatu.

"Hii ni damu," Mzee Festo alisema. "Lakini ni ya zamani. Imekaa humo muda mrefu."

Tuliikausha nyama ile kwa spiriti, tukaizamisha katika nta, tukaikata kwa kifaa chetu cha shaba chenye skurubu na wembe mrefu. Mzee Festo alinipa wembe mimi. Aliniambia nivute pumzi, niitoe yote, ndipo nikate, kwa kuwa mkono hutulia pale pumzi inapoisha. Tulipata vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, tukavitia rangi ya zambarau na ya waridi, tukasubiri jua.

Jua lilitoka baada ya saa nne. Mzee Festo aliangalia muda mrefu sana. Kisha alifungua droo, akatoa kioo kingine cha zamani, akakiweka, akakiondoa, akarudisha cha Rosina. Akaniambia niangalie vyote viwili.

Kile cha zamani kilikuwa nyama ya ndani ya kizazi, ile inayojengeka kila mwezi na kutoka na damu. Niliona visima vidogo vya mviringo, vimezungukwa na chembe za zambarau zilizojipanga vizuri. Nikaangalia cha Rosina. Visima vile vile, chembe zile zile, vimekaa ndani ya mfuko wa mayai, mahali pasipo pao, na pembeni vumbi la kahawia la damu iliyokosa njia ya kutoka.

"Ni nyama ya kizazi," nilisema, "lakini haimo kizazini."

"Nenda kamwambie Dokta," alisema. "Umeona wewe, useme wewe."

Dokta Greta alikuja, akaangalia. Alikwenda nyumbani kwake, akarudi na kitabu kinene, akanisomea huku akitafsiri polepole. Ugonjwa ulikuwamo, na picha yake ilikuwa sawa kabisa na ya kwetu. Lakini chini iliandikwa kwamba ni ugonjwa wa wanawake wa Ulaya wenye elimu wanaochelewa kuzaa, na kwamba kwa wanawake Waafrika haupo.

Alifunga kitabu. "Yudita," alisema, "mwandishi huyu hakuwahi kukutana na Rosina."

Nusu ya nyama tuliipeleka katika maabara kubwa huko pwani ili wathibitishe. Ilishushwa Makambako kwa lori la magome ya miti ya miwati, ikangojea hapo njia panda basi la kwenda kaskazini. Baada ya miezi miwili barua ilikuja. Walikubali kwamba ugonjwa ni huo. Hata hivyo, waliandika, kwa kuwa haujulikani kwa Waafrika, bila shaka msaidizi wenu wa Kiafrika alichanganya chupa, na nyama hii ni ya mgonjwa wa Kizungu.

Dokta alinisomea barua yote, hakuruka neno. Nilijua kwamba mtu anayechanganya chupa hafai katika chumba kile hata kwa kuosha vioo.

"Ulichanganya?" aliniuliza.

"Hapana, Dokta."

"Najua. Mwaka mzima hatujapasua mwanamke wa Kizungu. Wa karibu kuliko wote ni mimi, na tumbo langu ni zima." Alikaa akaandika jibu papo hapo, akaambatanisha vioo vingine. Jibu la pili halikuja kamwe. Nilikasirika kwa muda wa mwaka mmoja, kisha nikawa na kazi.

Barua zile zilikuwa bado hazijaja, na Rosina yuko wodini, kidonda kinapona, Mwalimu Kosmas alipofika. Alikuwa mtu mpole, kofia mkononi, viatu vimejaa vumbi jekundu. Dokta alikuwa kwenye upasuaji, hivyo aliletwa kwangu.

"Dada," alisema, "nimetumwa na wazee. Mimi Mkatoliki, mke wa pili siwezi. Lakini mama anasema Rosina arudi kwao akapumzike. Nimekuja kumweleza."

Nilielewa maana ya kupumzika. Nikamwambia anisubiri, nikaenda wodini kwa Rosina. Nilimweleza tulichokiona katika darubini, nikamuuliza kama ninaweza kumwonyesha mumewe.

Alikuwa ameegemea ukuta. Alicheka kidogo, akashika kidonda. "Mwonyeshe," alisema. "Miaka sita ameniona nikilia, hakuona kitu. Labda hicho kioo kitamwonyesha."

Mwalimu Kosmas aliinama juu ya darubini. Mwanzoni aliona kope zake tu, kama kila mtu. Nikamrekebishia. Kisha akatulia. Nilimweleza vile visima ni nini, na kwamba kila mwezi vinatoka damu kama kizazi chenyewe, ila damu hiyo imefungiwa ndani, haina mlango. Niliona mgongo wake ukishuka taratibu.

"Hiki kilikuwa ndani yake?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Huenda tangu alipovunja ungo."

Aliendelea kuangalia mpaka wingu likapita na mwanga ukafifia. "Mimi nafundisha watoto," alisema hatimaye. "Mtoto akisema haoni ubaoni, namleta mbele. Huyu aliniambia miaka sita." Aliweka kofia yake mezani, akaenda wodini bila hiyo. Rosina hakurudishwa kwao.

Lakini maumivu hayakwisha. Dokta alikata uvimbe, ila madoa mengine yalikuwa yametapakaa hata juu ya utumbo, na hayo hakuyagusa. Vidonge vya homoni kutoka Ulaya vilimtapisha Rosina hadi akakonda, kisha vikaisha. Siku hiyo Dokta alivuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda.

Vijana, nyinyi mna mashine zinazoandika zenyewe. Yetu ilikuwa hivi. Palikuwa na pipa dogo la shaba lililozungushwa taratibu na mashine ya saa. Tulilivika karatasi laini, tukaipitisha juu ya moshi wa utambi wa mafuta ya taa mpaka ikawa nyeusi kama usiku usio na mwezi. Kando yake kilisimama chombo cha kioo chenye maji ya chumvi yenye joto la mwili, na ndani yake kipande cha kizazi cha simbilisi kikining'inia kwa uzi. Uzi ulishika bua jembamba la nyasi. Nyama ikijikunja, bua hupanda na kuchora mstari mweupe katika ule weusi. Ikilegea, bua hushuka. Nyama inahitaji hewa, nayo tuliitoa katika mpira wa ndani wa gurudumu la lori, ambao Mzee Festo aliuomba kwa madereva wa Makambako. Akaufunga kwa kibanio, ukatoa mapovu taratibu kutwa nzima.

Simbilisi, wale wanyama wadogo kama sungura wasio na mkia, tuliwafuga nyuma ya jiko. Ikavuma Yakobi kwamba hospitali ya misheni inatambika kwa simbilisi, na mzee mmoja wa kanisa alikuja kuchungulia. Aliondoka ameridhika, na simbilisi wawili.

Nilikaa saa nyingi mbele ya pipa lile. Nyama iliyotengwa na mwili ilijikunja na kulegea yenyewe, na mstari ulipanda na kushuka, vilima na mabonde, vilima na mabonde. Dirishani vilima vya kweli vilitokeza na kuzama katika ukungu. Baada ya muda sikujua tena ni vipi vinachorwa na vipi vimekuwepo tangu zamani. Mzee Festo alinigusa bega. "Usisinzie," alisema. "Au ukisinzia, usiegemee meza."

Tulijaribu dawa za kabati lote. Nyingine hazikufanya kitu, nyingine ziliongeza vilima. Nikamwambia Dokta juu ya Bibi Tulinagwe, mkunga wa Yakobi aliyenizalisha mimi, ambaye huwachemshia wanawake mzizi fulani kwa ajili ya tumbo la mwezi. Jina la mzizi sitaliandika, kwa kuwa nawajua watu: mmoja wenu ataenda kuuchemsha.

Bibi Tulinagwe alikuja na kikapu, ameshika kiuno. "Kamwene," alitusalimu kwa Kibena, kisha akamgeukia Dokta kwa Kiswahili. "Jina sikuambii. Mzizi nitaleta. Ila nitakaa hapa nione mnaufanyia nini."

Alipewa kiti. Tukachemsha, tukachuja, tukadondosha matone machache katika maji ya chumvi. Bua lilipanda kilima kimoja, cha pili kikawa kifupi, cha tatu kikawa kichuguu. Kisha mstari ukanyooka, ukaenda mbele kama njia kwenye uwanda. Tulipobadilisha maji, vilima vilirudi. Nyama haikufa, ilitulizwa tu.

Bibi alisogea, akafuata vilima kwa kidole. "Hivi ndivyo maumivu yanavyopanda," alisema. "Na hapa ndipo mtu anapouma kanga." Kidole chake kilifuta masizi yote ya asubuhi. Karatasi ile tuliipaka vanishi hivyo hivyo, masizi yasifutike zaidi.

Swali likawa kipimo. Bibi alisema yeye hutia ukufi mmoja, kiasi cha kujaza kiganja. Dokta alihuzunika, maana ukufi si gramu. Nikamwomba Bibi achote ukufi mara tano, nikapima kila mmoja kwa mizani ya dawa. Zote zilikuwa karibu sawa, tofauti ndogo kuliko yangu mimi ninapopima kwa kijiko.

"Mlidhani nalisha kuku?" Bibi aliuliza.

Lakini tulipompa simbilisi mzima kipimo cha mara tatu, kwa uzito wake, moyo wake ulipungua mapigo, ukasimama. Tulirudia, ikawa vile vile. Kati ya kutuliza na kuua palikuwa na hatua chache. Bibi hakushangaa. "Ndiyo maana simwachii mtu mwingine kutia," alisema. "Hutia mimi."

Dokta alikunywa kwanza, robo ya ukufi, akakaa siku nzima tukimhesabia mapigo. Hakudhurika, lakini siku zake za mwezi zilikuwa zimekwisha zamani, hivyo hakuweza kujua zaidi. Nikasema nitakunywa mimi. Maumivu yangu yalikuwa ya kawaida, lakini yalikuwepo.

"Wewe ni mfanyakazi wangu," Dokta alisema. "Siwezi kukuomba."

"Hujaniomba, Dokta. Na Mzee Festo atahesabu."

Nilikunywa asubuhi, nikalala kwenye benchi chini ya dirisha. Ulikuwa mchungu, na nyuma ya uchungu palikuwa na ladha ya udongo baada ya mvua. Mzee Festo alishika mkono wangu, saa yake ya jeshi katika mkono wa pili. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kioo. Niliona kama chumba kimeondoka ardhini, kinaelea, na sauti ya Mzee Festo akihesabu inatoka mbali, kutoka bonde la pili. Maumivu hayakukatika ghafla. Yalitembea polepole kwenda mlangoni kama mgeni anayeaga, akageuka mara moja, akaenda. Niliwaza juu ya mama, na mama wa mama, na wanawake wote waliouma nguo zao katika nyumba za majani huku ukungu huu huu uko nje. Nikalia bila huzuni.

"Hamsini na sita," Mzee Festo alikuwa akisema. "Hamsini na sita. Yudita, fumbua macho. Hamsini na nane. Vizuri."

Baada ya hapo Rosina alipewa. Tuliukausha mzizi, tukausaga, nikaufunga katika karatasi, kila karatasi kipimo kimoja. Alikuja kila baada ya miezi mitatu kuchukua, akilala Yakobi kwa mama yangu. Alinenepa. Alilima hata siku zake zilipofika. Mwalimu Kosmas alituletea viazi gunia zima, akachukua kofia yake. Tulipata wanawake wengine wawili wenye ugonjwa huo, nasi tukaanza kuamini.

Sasa naandika lile ambalo hamjawahi kulisikia nikisimulia.

Mzizi uliochimbwa masika ni dhaifu, umejaa maji. Uliochimbwa kiangazi ni mkali. Bibi Tulinagwe alijua, na ukufi wake ulibadilika bila yeye kusema, kama mpishi anavyobadilisha chumvi. Mimi nilipima kwa mizani, kipimo kile kile mwaka mzima. Karatasi za masika hazikumtosha Rosina, hivyo akajifunza kunywa mbili kwa mpigo. Hakuniambia, nami sikumuuliza. Karatasi za kiangazi nilimpa bila kuandika juu yake kitu chochote.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Nilifika nyumbani Yakobi nikamkuta mama uani anapiga kelele, na Rosina amelala juu ya mkeka, midomo ya kijivu, macho nusu. Karatasi mbili tupu zilikuwa kando yake. Nilishika mkono wake. Nilihesabu pigo moja, nikasubiri, nikasubiri, ndipo likaja la pili.

Vijana wa kwaya walimbeba kwa machela, wakipanda kilima mbio wakiwa na nguo zao za kanisani. Dokta alimchoma sindano ya kuamsha moyo. Mzee Festo alihesabu kwa sauti, na mimi nilisimama ukutani. Thelathini na mbili. Thelathini. Thelathini na nne. Alasiri mapigo yalifika arobaini na nane, na Rosina akaomba maji.

Nilikwenda kwa Dokta nikamwambia, "Ni mimi."

Hakunifariji, na nilimshukuru kwa hilo. "Ni wewe na ni mimi," alisema. "Kesho tutaandika yote, jinsi ilivyotokea. Kisha hatutampa mtu tena mpaka tujue kilichomo ndani ya mzizi huu ni nini."

Hatukuwa na vyombo vya kujua. Tuliandaa sanduku: mizizi ya masika na ya kiangazi kila mmoja peke yake, chupa za dawa iliyochujwa, karatasi za masizi zilizopakwa vanishi, na maelezo yote. Mimi na Dokta tulilisindikiza hadi Makambako. Upepo wa pale ulikuwa ukivuma kama kawaida yake, unaingia katika mikono ya nguo na kutokea shingoni. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya majina ya waliofanya kazi. Dokta aliandika Festo, akaandika Yudita, akaandika Tulinagwe, mkunga. La kwake aliliweka la nne. Basi lilipoondoka tulilitazama mpaka likawa vumbi, na vumbi likawa mbingu.

Jibu la kampuni ya Ulaya lilichukua mwaka. Walishukuru. Waliona kwamba dawa inatuliza, lakini ni hatari kwa moyo, na kwamba soko la ugonjwa huu ni dogo. Tulisoma sentensi hiyo mara mbili, Mzee Festo akauliza soko maana yake nini hapo.

Rosina alirejea katika maumivu yake. Dokta, ambaye muda wake wa kurudi kwao ulikuwa umekaribia, alimweleza kwamba imebaki njia moja: kutoa mifuko yote miwili ya mayai. Nyama ile ingekosa kinachoilisha na kunyauka. Watoto wasingekuwepo kamwe.

Walikaa bustanini, Rosina na Mwalimu Kosmas, asubuhi nzima. Niliwaona kupitia dirisha langu, na sikusikia neno. Kisha Rosina alikuja mlangoni.

"Mwambie Dokta atoe," alisema. "Nataka kulima, nataka kucheka, nataka kujua leo ni tarehe ngapi bila kuogopa. Kosmas amekubali. Amelia, lakini amekubali."

Alipasuliwa wiki ile. Alipona. Dokta aliondoka mwezi uliofuata, akaniachia pipa la shaba na kitabu kinene. Ule mstari kuhusu Waafrika alikuwa ameukata kwa wino, na pembeni ameandika kwa Kiswahili chake: Njoo uone.

Miaka michache ikapita. Ilikuwa karibu na Uhuru, na daktari mpya, kijana, alikuwa ametumwa kwetu. Asubuhi moja nilisikia kelele barazani. Muuguzi wa zamu alikuwa akimwambia mtu kwamba daktari ana kazi, na kwamba tumbo la mwezi ni kawaida ya wanawake, arudi nyumbani anywe chai ya tangawizi.

Nilitoka. Rosina alikuwa amesimama pale, mnene, shuka begani, ametembea na kupanda malori tangu Mawengi. Kando yake, akiwa ameshika ukuta, alikuwepo binti wa miaka kama kumi na saba, jasho usoni katika baridi ile.

"Kamwene, Yudita," Rosina alisema. "Huyu ni mtoto wa jirani yangu. Binti niliyemleta mwaka jana alitoka Liganga, huyo nilimrudisha kwao kwa sababu hamkuwepo. Huyu simrudishi."

Muuguzi alinitazama. Nilimwambia atafute kitanda. Kisha nilimwingiza binti yule katika chumba changu, nikamketisha kwenye benchi, nikamuuliza yanamwuma tangu lini.

Alimtazama Rosina kwanza. Rosina akamwitikia kwa kichwa. Ndipo akaanza kueleza, polepole, toka mwanzo kabisa, nami nikavuta kiti, nikakaa.